Rufaa ya Mama: Tulivyodai NHS Igharamie Uuguzi Wake

Ukiwa na mzazi England anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, swali litakaloamua nani alipe ni hili: mzazi wako ni mgonjwa, au ni mzee tu? Akihesabiwa kuwa mgonjwa kwa kiwango kinachotakiwa, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, inalipa kila kitu, chumba, chakula na uuguzi, bila kuuliza ana nyumba wala akiba. Akihesabiwa kuwa mzee tu, jambo lake linahamia halmashauri, na halmashauri kwanza inapiga hesabu ya mali yake. Akiwa na zaidi ya pauni 23,250, anajilipia mwenyewe mpaka fedha zishuke chini ya hapo. Akihamia makao ya wazee kwa kudumu, thamani ya nyumba yake nayo inaingizwa kwenye hesabu, isipokuwa kama mwenzi wake au ndugu fulani wanaotajwa na kanuni bado wanaishi humo. Kiwango hicho hakijapanda tangu 2010.

Mama alikuwa na nyumba. Ndogo, ya vyumba viwili, aliyoinunua kwa mshahara wa msaidizi wa wauguzi, zamu za usiku kwa miaka mingi katika wadi za wazee. Aliwageuza wagonjwa wa watu vitandani, akawalisha, akawafuta. Kisha akapata kiharusi, na ule ugonjwa wa kusahau uliokuwa umeanza chini kwa chini ukachachamaa, na yeye akawa ndiye wa kugeuzwa. Tulipoambiwa kwamba kumgeuza, kumlisha na kumchunga asipaliwe ni malezi ya kijamii wala si huduma ya afya, nilikasirika kwa niaba yake kabla hata sijaifikiria nyumba. Kazi hiyo hiyo yeye aliifanya akiwa ameajiriwa na NHS, amevaa sare yake.

Mpaka huu kati ya afya na malezi una umri sawa na NHS yenyewe. Mwaka 1948 matibabu yalifanywa ya bure kwa kila mtu, na mwaka huo huo sheria nyingine, National Assistance Act, ikazikabidhi halmashauri makao ya wazee na kuziruhusu zitoze kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Tangu hapo wagonjwa wa muda mrefu wamekuwa wakivutwa huku na huku.

Aliyetufungulia njia sisi ni mwanamke mmoja wa Exeter, Pamela Coughlan. Alipata ajali ya barabarani mwaka 1971 akapooza mikono na miguu. Mwaka 1993 yeye na wenzake walihamishiwa makao ya Mardon House wakiahidiwa kuwa hapo ni kwao kwa maisha yao yote, na baadaye mamlaka ya afya ikaamua kupafunga. Akaenda mahakamani. Julai 1999 Mahakama ya Rufaa ikasema halmashauri inaweza kutoa uuguzi pale tu ambapo uuguzi huo ni nyongeza ndogo juu ya malazi, na ni wa aina ambayo idara ya ustawi wa jamii inaweza kutarajiwa kuutoa. Mahitaji yake, mahakama ikasema, yamevuka hapo kwa mbali. Niliposoma habari zake nilikaa nazo siku nzima. Bi Coughlan alikuwa na akili timamu, akizungumza, akiendesha mwenyewe kiti chake cha umeme. Mama hakuweza hata moja kati ya hayo, na bado tulikuwa tunaambiwa hajafika kiwango.

Mpango wenyewe unaitwa NHS Continuing Healthcare, na wanaoushughulikia wanaufupisha kuwa CHC. Tangu Oktoba 2007 una mwongozo mmoja wa kitaifa, ambao umerekebishwa mara kadhaa. Toleo tulilolitumia sisi ni la 2022, mwaka ambao bodi mpya za afya za maeneo, zile zinazojulikana kwa herufi ICB, zilishika kazi hii. Wales wana mwongozo wao na Scotland wana utaratibu tofauti kabisa, kwa hiyo aliye huko asiyachukue maelezo yangu kama yalivyo.

Hakuna aliyetuambia mpango huu upo. Hospitali ilimtoa Mama kwenda makao ya wazee yenye wauguzi, karatasi zikasainiwa, na makao yakaanza kupokea yale malipo ya NHS ya kiwango kimoja kwa ajili ya muuguzi wa zamu, ambayo katika mwaka wa fedha 2025/26 yalikuwa pauni 254.06 kwa wiki. Sisi tukadhani huo ndio msaada wote. Kumbe kwa kanuni swali la CHC hujibiwa kwanza, na malipo hayo madogo hufikiriwa baadaye, mtu akishaonekana hakufuzu. Kwa Mama hatua ya kwanza ilirukwa. Nililijua hilo nilipopata kijitabu cha Age UK, shirika la hisani la wazee, kinachoeleza mpango huu, nikakisoma kwenye basi nikitoka kumtazama.

Tukaomba. Kuna mchujo wa awali wa mambo 11, kila jambo likipewa A, B au C, A ikiwa ndiyo nzito zaidi. A mbili, au B tano, au A moja na B nne zinatosha kumvusha mtu kwenda tathmini kamili, na yapo mambo machache ambayo A moja tu inatosha. Mchujo umewekwa chini kwa makusudi, na Mama aliupita bila shida. Kuanzia hapo bodi inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 28. Kwetu siku hizo zilipita, zikapita tena.

Tathmini kamili ni mkutano wa wataalamu wa fani tofauti, kwa kawaida muuguzi wa bodi na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mbele ya fomu ndefu yenye maeneo 12: kupumua, lishe, haja ndogo na kubwa, ngozi, kutembea, mawasiliano, hali ya kihisia, utambuzi, tabia, dawa, kupoteza fahamu, na la mwisho kwa lolote lililosalia. Kila eneo hupewa daraja, kwa kupanda: hakuna hitaji, la chini, la kati, la juu na, kwa baadhi ya maeneo, kali au la kipaumbele. Kipaumbele kimoja au makali mawili hutarajiwa kumfuzisha mtu moja kwa moja. Chini ya hapo fomu haijumlishwi kama alama za mtihani. Wataalamu wanatakiwa kuyatazama mahitaji yote kwa pamoja na kujiuliza kuhusu aina yake, ukali wake, jinsi yanavyoingiliana na jinsi yasivyotabirika, kisha waamue kama hitaji kuu la mtu huyu ni la afya.

Mama alipewa kali kwenye utambuzi, na kwenye maeneo mengine madaraja ya juu mawili na ya kati kadhaa. Kisha ikaja barua. Ilikiri kwamba mahitaji yake ni makubwa, ikasema yanasimamiwa vizuri na walezi wa makao kwa utaratibu wa kawaida, na kwa hiyo hafuzu.

Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba rufaa yetu yote. Mwongozo wa kitaifa unakataza waziwazi sababu ya namna hiyo. Unasema hitaji linalosimamiwa vizuri bado ni hitaji, na kwamba uamuzi usijengwe juu ya jina la ugonjwa, wala mahali mtu anapoishi, wala uwezo wa makao kumhudumia, wala kuwepo au kutokuwepo kwa mtaalamu maalumu. Ikiwa kidonda hakitokei kwa sababu mtu anageuzwa kila baada ya saa chache mchana na usiku, hatari ya kidonda iko pale pale. Ukiacha kumgeuza, utaiona. Mimi naona hii ndiyo sehemu ambayo kila familia inapaswa kuishika kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu walezi wazuri ndio wanaomfanya mgonjwa aonekane mzima kwenye karatasi.

Na karatasi ndizo zinazoamua. Hilo liliniumiza kuliko yote, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kueleza Mama alikuwa nani. Wale watu hawakuwa wabaya, walinisikiliza kwa adabu, ila hawakuwa na mahali pa kuyaandika yale niliyowaambia. Walikuwa na mahali pa kuandika kwamba tarehe fulani, saa fulani, alikataa kidonge.

Tukaomba kumbukumbu zote. Ni haki ya mtu kupata taarifa zake chini ya sheria ya kulinda data, bila malipo, na kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Tuliziomba makao, hospitali, daktari wa familia, halmashauri na bodi yenyewe. Hapo nashukuru kwamba Mama, akili yake ikiwa bado imara, alitia saini hati za uwakilishi, Lasting Power of Attorney, ya mali na ya afya, na zote zikasajiliwa Office of the Public Guardian, ofisi ya serikali inayosajili hati hizo. Bila hati hizo wanaweza bado kukusikiliza kwa msingi wa maslahi ya mgonjwa chini ya Mental Capacity Act ya 2005, sheria inayohusu watu wasioweza kujiamulia, lakini utabishana kwanza kuhusu nafasi yako kabla hujabishana kuhusu mzazi wako. Kama mzazi wako bado anajielewa, zungumza naye jambo hili wiki hii. Ni mazungumzo mazito, najua. Kwetu Mama mwenyewe ndiye aliyeyaanza, akasema, "Mwanangu, mimi nimewaona wadi nzima hawana wa kuwasemea."

Karatasi zilipofika, kaka yangu alizipanga kwa tarehe, mimi nikazipanga kwa maeneo yale 12. Kila mstari wa maana tuliunakili pembeni: tarehe, nani aliandika, imetokea nini, walezi walifanya nini, ilichukua muda gani, na ni eneo gani. Kazi hii haina njia ya mkato. Tuliifanya jioni, baada ya kazi, kwa miezi, na ndani yake tukamwona Mama tusiyemjua, yule wa saa tisa usiku.

Usiku mwingi umeandikwa kwamba ametulia, hakuna tatizo. Nilimuuliza mlezi mmoja wa zamu ya usiku, mwanamke wa makamo ambaye kwa bahati alizungumza Kiswahili. Akaniambia, "Dada, mimi naandika ametulia kwa sababu nimekaa naye nimemshika mikono mpaka akatulia. Huko kukaa naye hakuna pa kukuandika." Baada ya hapo msimamizi wa makao alikubali waanze kujaza chati ya tabia, ile inayoonyesha nini kilitangulia, nini kikatokea, na nini kikafanyika. Ndani ya wiki chache picha ilibadilika. Si kwamba Mama alibadilika. Kilichobadilika ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanyika gizani sasa ilikuwa na saa na dakika.

Chati zilifichua jambo jingine. Kiharusi na demensia, ule ugonjwa wa kusahau, vilikuwa vimemwondolea Mama Kiingereza chote, hii huwapata watu wengi waliojifunza lugha ya pili ukubwani, akabaki na Kiswahili, nacho vipande vipande. Zamu za yule mlezi zilikuwa na maandishi kama "anasema mgongo unamchoma, amepewa dawa ya maumivu, amelala". Zamu za wengine, kwa saa zile zile na mkao ule ule, ziliandikwa "anapiga kelele, anasukuma walezi, amehamasishwa atulie". Tulizipanga kurasa hizo ubavu kwa ubavu. Kwa eneo la mawasiliano zilionyesha kwamba hakuweza kueleza hitaji lake kwa watu waliokuwa wakimhudumia siku nyingi. Kwa eneo la tabia zilionyesha kwamba fujo ilikuwa na chanzo, na kukijua chanzo kulihitaji ujuzi. Na kwangu mimi, binti yake, zilionyesha kwamba alikuwa akiumwa na kusema anaumwa, usiku baada ya usiku, bila kueleweka. Sijapata namna ya kulizoea hilo.

Hoja iliyokuwa na nguvu zaidi, hata hivyo, ilihusu jinsi mahitaji yanavyoingiliana. Fomu inakuvuta uyatazame maeneo moja moja, na ukiyatazama moja moja, mgonjwa anapungua. Basi sisi tuliandika mnyororo. Baada ya kiharusi Mama alipata kifafa na alikuwa akitumia dawa yake kila siku. Demensia ilimfanya asiitambue dawa, akiitema au akifumba mdomo. Akiikosa, hatari ya kudondoka na kifafa inapanda. Koo lake lilikuwa limedhoofika, mtaalamu wa kumeza ameagiza vinywaji viongezwe unga wa kuvifanya vizito na chakula kisagwe laini kabisa, kwa hiyo kupewa kidonge kwa nguvu au kwa haraka kungeweza kumpalia. Vidonge vingine havisagwi ovyo, kwa hiyo daktari, mfamasia na wauguzi walilazimika kukaa na kuamua ni dawa gani ibadilishwe iwe ya maji, na ipi ifichwe kwenye chakula kwa maslahi yake. Akiwa mchovu baada ya kifafa, humeza vibaya zaidi. Akimeza vibaya, kifua kinaingia maji, homa inapanda. Akiwa na homa, huchanganyikiwa zaidi, na akichanganyikiwa hukataa dawa. Mtu wa kuamua kila asubuhi kama leo alishwe sasa au asubiriwe, dawa ipite au isipite, daktari aitwe au asiitwe, ni muuguzi. Hili haliwezi kuitwa nyongeza ndogo juu ya malazi.

Ukurasa huo mmoja ndio tuliouandika upya mara nyingi kuliko barua zote. Tuliondoa maneno kama "inasikitisha" na "si haki". Yalikuwa kweli, lakini yalikuwa yanachukua nafasi ya tarehe.

Rufaa ina ngazi. Ya kwanza ni kwa bodi ile ile iliyokataa, na una miezi sita tangu upate uamuzi kuiomba iutazame upya. Kwetu ngazi hii ilikuwa mazungumzo na kisha mkutano. Walikubali kupandisha eneo la dawa daraja moja, lakini hitimisho likabaki lile lile. Wengi huachia hapo, na naelewa kwa nini. Unakuwa umechoka, mzazi anadhoofika, ada inaendelea kukatwa, na ndugu wanaanza kuulizana kama hizi nguvu zisingetumika kukaa naye tu. Dada yetu mdogo alisema hivyo wazi, na hakukosea. Tukagawana: yeye akachukua siku za kukaa na Mama, sisi tukachukua karatasi.

Kuhusu ada yenyewe, jambo lililotuokoa tusiuze nyumba kwa pupa ni mkataba wa kuahirisha malipo chini ya Care Act ya 2014. Halmashauri inalipa makao, deni linawekwa dhidi ya nyumba, na linadaiwa baadaye, pamoja na riba na gharama zake. Si zawadi. Lakini linakupa muda wa kupigania rufaa ukiwa bado na kitu cha kupigania, na linafaa kuulizwa mapema, ofisa ustawi wa jamii asiposema.

Watu walitushauri tuchukue kampuni ya kudai kwa niaba yetu. Nyingine huchukua asilimia ya fedha zitakazorudishwa. Siwalaumu wanaofanya hivyo, maana si kila mtu ana kaka mwenye subira ya kupanga karatasi. Sisi tulizungumza kwanza na Beacon, shirika linalotoa ushauri wa bure kuhusu CHC kwa ufadhili wa NHS England, na mazungumzo hayo yalitosha kutuonyesha kwamba hoja tunayo na ushahidi tunao, kilichobaki ni kuupanga.

Ngazi ya pili ni jopo huru la mapitio linaloitishwa na NHS England. Nalo lina kikomo cha miezi sita tangu bodi imalize ngazi yake. Huongozwa na mwenyekiti asiyehusika na bodi yako, na huwa na mwakilishi wa bodi nyingine na wa halmashauri nyingine, pamoja na mshauri wa kitabibu anapohitajika. Tulikutana nao kwa video. Nilitarajia mahakama. Niliwakuta watu waliosoma. Mwenyekiti alikuwa na ukurasa wetu wa mnyororo mbele yake, na alianza na swali moja kwa mwakilishi wa bodi: ni wapi kwenye kumbukumbu ambapo hitaji hili limeonekana kuwa limepungua, tofauti na kuonekana kwamba linahudumiwa? Yule mwakilishi alipekua karatasi zake kwa muda. Hakukuwa na mahali.

Walituuliza sisi pia, na hawakuturahisishia. Kaka alipoeleza vifafa, mshauri wa kitabibu alitaka kujua kila kimoja kilidumu muda gani na nani alikishuhudia, na palipokuwa hapana ushahidi alisema waziwazi kwamba hatakihesabu. Kwenye eneo la ngozi walikubaliana na bodi. Kwenye kutembea vilevile. Ningewashauri wanaokwenda mbele ya jopo wasipiganie kila daraja. Sisi tuliyaachia mawili kabla ya mkutano, na nadhani ilifanya yale tuliyoyashikilia yasikilizwe kwa makini zaidi. Mwongozo unasema pia kwamba wataalamu wa tathmini wakishindwa kukubaliana kati ya madaraja mawili, wachukue la juu na waandike sababu. Kwenye tabia walikuwa hawajakubaliana, na la chini ndilo lililoandikwa. Jopo lilisahihisha hilo.

Barua ilipofika nilimpigia kaka nikaisoma kwa sauti. Jopo lilipendekeza Mama ahesabiwe kuwa na hitaji kuu la afya tangu siku 28 za ule mchujo wa kwanza zilipokwisha, na bodi ikakubali, kama inavyotakiwa kufanya isipokuwa pawe na sababu isiyo ya kawaida kabisa. Fedha alizolipa tangu siku hiyo zikarudishwa pamoja na riba. Deni la halmashauri dhidi ya nyumba likalipwa kutoka humo.

Mama hakuelewa habari hiyo tulipomwambia, na hatukutarajia aelewe. Kilichobadilika kwake ni vitu vidogo vya kweli. Mpango wake wa huduma sasa uliandikwa na mtu wa NHS mwenye wajibu wa kuufuatilia. Tulipoomba maneno ya msingi ya Kiswahili yabandikwe juu ya kitanda, maumivu, maji, choo, nimechoka, baridi, yaliingizwa kwenye mpango huo, si kama hisani ya mlezi mmoja. Dawa ya maumivu ya usiku ilianza kutolewa kabla ya kugeuzwa badala ya baada ya kelele.

Kufuzu si kwa kudumu. Kuna mapitio baada ya miezi mitatu na kisha angalau kila mwaka, na familia nyingi huyaogopa kama mtihani mpya. Mwongozo unasema mapitio hayo kwanza ni ya kuangalia kama huduma inamfaa mgonjwa, na swali la kufuzu lifunguliwe upya pale tu panapoonekana wazi kwamba mahitaji yamebadilika. Kwenye mapitio ya kwanza muuguzi aliyekuja alisema chati za tabia zimekuwa nzuri, fujo zimepungua. Kaka alimwonyesha ratiba ya dawa ya maumivu na saa za walezi, akamuuliza kwa upole kama angependa kuona usiku ambao ratiba hiyo haikufuatwa. Ulikuwepo, na ulikuwa umeandikwa wote. Mama akabaki kwenye mpango.

Kilichosalia ni miezi ile ya mwanzo, kati ya kutoka hospitali na mchujo wa kwanza, ambayo ada yake alilipa mwenyewe kwa sababu hatua ya kwanza ilirukwa. Jopo halikuigusa, haikuwa mbele yake. Unaweza kudai tathmini ya nyuma kwa kipindi ambacho hakuna aliyekitathmini, na tumedai. Tumeambatanisha tarehe makao yalipoanza kupokea malipo ya muuguzi, pamoja na swali la nani aliamua hivyo na kwa fomu gani. Bodi imejibu kwamba imelipokea dai na kwamba foleni ni ndefu. Wakikataa, ngazi ni zile zile, na baada ya jopo yupo Ombudsman wa Bunge na Huduma za Afya, anayechunguza malalamiko. Kaka ameshafungua faili jipya.